Chati Niliyowabandikia Watoto wa Watu

Niliwadanganya watoto wa watu, tena kwa namba zilizo sahihi. Hakuna hata tarakimu moja niliyoibuni. Kila wastani na kila rekodi niliinakili kwa uangalifu, nikaihakiki, ndipo nikaibandika ukutani. Uongo ulikuwa kwenye kichwa cha chati: Wachezaji Kumi Bora wa Besiboli wa Wakati Wote.

Naishi Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, mji ambao una familia nyingi zinazozungumza Kiswahili: Wakongomani, Warundi, Wabantu wa Somalia, na sisi Watanzania na Wakenya wachache tuliokuja kusoma tukalowea. Watoto wetu wanakulia kwenye besiboli, wazazi wao wanaitazama wasielewe nani amemfunga nani. Akina mama wa jumuiya wakaniomba niwaandalie vijana somo la Jumamosi, kwa kuwa mimi ndiye anko wa besiboli. Somo likapangwa Februari, mwezi ambao Marekani huutenga kwa historia ya watu weusi. Naomba msomaji aukumbuke mwezi huo, maana mimi niliusahau.

Mchezo huu ulinipata kupitia namba. Nimelelewa na mpira wa miguu, na ubishi wa mpira wa miguu haufi kwa sababu hauna hakimu. Washabiki wa Simba na Yanga watabishana daladala nzima hadi mwisho wa njia, na kila mtu atashuka na msimamo aliopanda nao. Kwenye besiboli nilikuta kila mrusho una karani wake. Nani alirusha, nani alipiga, mpira ulidondokea wapi: vyote vimeandikwa, na vimeandikwa tangu karne ya 19. Nikaamini nimepata mchezo ambao ubishi wake unaweza kumalizwa kwa kalamu.

Nafasi ya kwanza nilimpa Babe Ruth, wala sikuona haja ya kufikiri. Alianza kama mrushaji wa Boston Red Sox, na katika maisha yake ya kurusha alishinda michezo 94 na kupoteza 46, rekodi ambayo peke yake ingemtosha mtu kuitwa hodari. Mwaka 1920 akahamia New York Yankees, wakamtumia kama mpigaji wa kila siku, akapiga homrani 54 msimu ule. Homrani, kwa wasiojua, ni pigo linalovusha mpira nje ya uzio, na wakati ule lilikuwa jambo la nadra. Mwaka 1927 alipiga 60, na ukiacha Yankees wenyewe, hakuna timu nyingine katika ligi yake ambayo wachezaji wake wote kwa pamoja walifikisha idadi hiyo. Alistaafu mwaka 1935 akiwa na 714. Nyuma yake niliwapanga Ty Cobb, Honus Wagner, Walter Johnson, Ted Williams, Cy Young na Lou Gehrig, kisha Willie Mays, Hank Aaron na Barry Bonds. Hao watatu wa mwisho ni weusi. Nilihesabu, watatu katika kumi, nikajipongeza kimoyomoyo kwamba nimetenda haki.

Somo lilikwenda vizuri hadi binti mmoja wa Kikongo aliponyoosha mkono.

"Anko, Josh Gibson ni wa ngapi?"

Swali lake halikuwa la ajabu hata kidogo. Katika mtaa wa Hill District, hapa hapa Pittsburgh, kuna uwanja mdogo wa besiboli wenye jina la Josh Gibson, na watoto hawa wanaujua. Jina lile walikuwa wakilisoma langoni. Nikamjibu, kwa utulivu wa mtu anayejua, kwamba Josh Gibson ana hadithi nzuri lakini hana takwimu, na orodha hii ni ya takwimu. Binti akaandika kitu kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini, ila naogopa aliandika nilichosema.

Jibu hilo ndilo ninaloliungama.

Nyuma ya chumba alikaa mzee mmoja, Mmarekani mweusi, anayewafundisha vijana wetu kushika gongo na kudaka. Hakunikatiza mbele ya watoto. Alisubiri hadi tulipobaki tunakunja viti, akaniuliza, "Kijana, huyo Ruth wako alikuwa anawapiga akina nani?" Nikaanza kumtajia majina ya warushaji wa enzi ile. Akaniacha niyataje, akinisikiliza kwa adabu kabisa, mpaka mwenyewe nikaanza kusikia kinachokosekana. Wote walikuwa wazungu. Hapo nikanyamaza, naye akaaga.

Basi niseme waziwazi nilichokijua siku ile na kukiweka pembeni. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani haikuwa na mchezaji mweusi. Hakukuwa na kanuni iliyoandikwa. Kenesaw Mountain Landis, kamishna aliyeusimamia mchezo kuanzia mwaka 1920, alitamka hadharani mwaka 1942 kwamba hakuna sheria inayozuia timu kumsajili mtu mweusi. Alikufa mwaka 1944, na hadi anakufa hakuna aliyesajiliwa. Wamiliki wa timu walikuwa wamekubaliana bila karatasi, na makubaliano ya namna hiyo hayaachi ushahidi isipokuwa matokeo yake. Hata baada ya Robinson, Boston Red Sox ilikaa miaka 12 zaidi kabla ya kumchezesha Pumpsie Green mwaka 1959.

Ukimsifu bingwa wa bao aliyewashinda wote barazani, huku nusu ya wachezaji hodari wa mtaa wamefungiwa nje ya lango, sifa yako inahusu baraza, haihusu mtaa. Mimi nilikuwa nimelichukua daftari la baraza nikaliita daftari la mtaa.

Waliofungiwa nje hawakukaa bure. Mwaka 1920 Rube Foster alianzisha ligi ya weusi huko Kansas City, nyingine zikafuata, na kwa pamoja zikaitwa Negro Leagues. Pittsburgh ilikuwa kama makao yake makuu. Homestead Grays walitoka ng'ambo ya mto. Pittsburgh Crawfords walikuwa wa Hill District, na miaka ya 1930 mmiliki wao, Gus Greenlee, aliwajengea uwanja wao wenyewe kwa pesa ambazo nyingi zilitokana na bahati nasibu ya mtaani isiyo halali. Crawfords wa katikati ya miaka hiyo walikuwa na Josh Gibson, Satchel Paige, Oscar Charleston, Judy Johnson na Cool Papa Bell. Wote watano wamo leo katika Jumba la Umaarufu la Cooperstown. Nimekuwa nikipita kwenye mitaa hiyo nikienda kazini.

Na hapa nakuja kwenye jambo ambalo liliniuma zaidi nilipokaa kulifikiri. Jibu langu kwa yule binti, kwamba Gibson ana hadithi lakini hana takwimu, sikulitunga mimi. Nililirithi. Mchezo wenyewe uliwagawia watu hivyo: mzungu akapewa namba, mweusi akapewa ngano. Kuhusu Cool Papa Bell tunasimuliana kwamba alikuwa na mbio kiasi cha kuzima taa na kuingia kitandani kabla giza halijafika. Kuhusu Paige, kwamba aliwaambia wenzake uwanjani wakae chini, kisha akawatoa wapigaji peke yake. Kuhusu Gibson, kwamba alipiga mpira Pittsburgh ukapotelea angani, kesho yake ukadondoka Philadelphia, na mwamuzi akamwambia, "Umetolewa, jana, Pittsburgh." Tunacheka. Nami nilikuwa nikizisimulia ngano hizo kwa upendo, nikidhani namheshimu mtu, kumbe namvusha kutoka kwenye mizani na kumweka kwenye simulizi za jioni, mahali ambapo hawezi kumshinda Ruth kwa sababu hakuna anayepima.

Takwimu zilikuwepo. Magazeti ya watu weusi, Pittsburgh Courier na Chicago Defender miongoni mwao, yalichapisha matokeo ya michezo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyakusanya, na taasisi iliyokuwa tayari kuyalipia. Watafiti kama Larry Lester walitumia miongo mingi kuyafukua, ukurasa kwa ukurasa. Niliposema hakuna takwimu, kwa kweli nilikuwa nasema sijazitafuta.

Hata utetezi wa kutojua sina. Kitabu cha Bill James, mtu aliyewafundisha mashabiki wa kizazi chetu kuzichambua namba za besiboli, nilikuwa nacho kabatini kwa miaka. Katika toleo la mwaka 2001 James aliwapanga wachezaji mia moja. Ruth ni wa kwanza, Wagner wa pili, Mays wa tatu. Wa nne ni Oscar Charleston, na wa tisa ni Josh Gibson. Nilipofika kwa Charleston nilidhani James anafanya hisani, nikaruka. Nilimwamini mtu yule kwa kila mstari isipokuwa mistari iliyonitaka nifikiri upya. Na Ted Williams, ambaye nilimweka kwenye kumi zangu bila kusita, alitumia hotuba yake ya kuingizwa Cooperstown mwaka 1966 kuomba kwamba Satchel Paige na Josh Gibson nao waingizwe siku moja, kwa kuwa hawakuwa mle kwa sababu tu hawakupewa nafasi. Mzungu huyo alilisema mwaka 1966 jambo ambalo mimi Mwafrika nililikana mbele ya watoto wa Kiafrika, mwezi Februari.

Paige aliingizwa mwaka 1971. Kwanza walitaka kumweka sehemu ya peke yake, mbali na wengine. Watu wakapiga kelele, wakabadili. Huyu ni mtu aliyeruhusiwa kurusha mpira wake wa kwanza Ligi Kuu mwaka 1948 akiwa na umri wa miaka 42, akashinda michezo sita na kupoteza mmoja, na timu yake ya Cleveland ikatwaa ubingwa. Mwaka 1965, akiwa na miaka 59, Kansas City walimpanga kwa ajili ya kuvuta watazamaji. Akarusha awamu tatu na hakuna aliyefunga. Kwenye chati yangu hakuwepo hata kama mfano. Gibson yeye hakuuona mlango ukifunguliwa. Alikufa tarehe 20 Januari 1947, akiwa na miaka 35, miezi isiyotimia mitatu kabla ya Robinson. Alizikwa hapa Pittsburgh, na kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi miaka ya 1970.

Mwisho wa Mei 2024 Ligi Kuu ikaziingiza takwimu za Negro Leagues, za miaka 1920 hadi 1948, kwenye daftari lake rasmi. Wachezaji zaidi ya 2,300 wakaingia kwa mkupuo. Gibson akawa kinara wa wastani wa kupiga wa maisha yote, 0.372, akimpita Ty Cobb mwenye 0.367. Akampita na Ruth kwa nguvu ya mapigo, 0.718 dhidi ya 0.690. Wastani wake wa mwaka 1943, 0.466, ukawa wa juu kuliko msimu wowote ulioandikwa.

Nilifurahi kupita kiasi, na furaha ile ikazaa kosa la pili. Nikachapisha chati mpya usiku huohuo, Gibson juu, Ruth chini yake, nikaipeleka kwa yule mzee kama mtu anayelipa deni. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia. "Kwa hiyo jana hakuwa bora, leo amekuwa?" Baba wa mzee huyo aliwaona Grays wakicheza, na nyumbani kwao hakuna aliyekuwa akisubiri ofisi ya Ligi Kuu kule New York imthibitishe Josh. Nikaona nimebadilisha jina la juu tu, na hakimu wangu amebaki yuleyule.

Tena, kwa hakimu huyo huyo, chati ya pili ilikuwa na kasoro zake, na ningeziona kama nisingekuwa nakimbilia msamaha. Gibson aliufikia wastani wake kwa majaribio elfu mbili na ushei. Cobb alifanya zaidi ya elfu kumi na moja. Msimu wa ligi za weusi ulikuwa mfupi, na sehemu kubwa ya michezo yao ilichezwa nje ya ligi, mji kwa mji, leo dhidi ya timu ya kiwanda, kesho dhidi ya yeyote atakayelipa, kwa sababu ndivyo walivyopata mkate. Michezo hiyo haihesabiwi. Ndiyo maana bamba la Gibson kule Cooperstown linataja homrani zinazokaribia 800, ilhali zilizoingia kwenye daftari rasmi hazifiki 200. Halafu kuna jambo ambalo watetezi wa Gibson hatulipendi: kama Ruth hakuwahi kumkabili Paige kwenye mchezo wa ligi, Gibson naye hakuwahi kumkabili mrushaji mzungu Lefty Grove kwenye mchezo wa ligi. Nje ya msimu walikutana kwenye mechi za maonyesho, wazungu na weusi, na weusi walishinda mara nyingi. Lakini ligi zote mbili zilikuwa nusu. Aliyezigawa anajulikana, wala hakuwa Gibson.

Wapo watakaosema basi kupanga wachezaji ni upuuzi, tuache. Sikubaliani. Ubishi wa nani bora ndio unaowafanya vijana wa miaka kumi na miwili wamjue mtu aliyekufa mwaka 1947, na ningekuwa mnafiki kuukana baada ya kuufaidi. Nilichojifunza ni kwamba kila namba inadai maswali mawili kabla ya kukaa kwenye chati: ilipatikana dhidi ya nani, na nani alizuiwa asiwepo. Williams alipoteza misimu mitatu mizima vitani, 1943 hadi 1945, kisha sehemu kubwa ya miwili mingine huko Korea, na bado akamaliza na homrani 521. Aaron aliipita rekodi ya homrani ya Ruth tarehe 8 Aprili 1974 huku akipokea barua za kutishiwa kuuawa. Homrani zake 755 hazionyeshi barua hizo. Sadaharu Oh alipiga 868 huko Japani, na bado sijui nimweke wapi, naomba radhi. Bonds ana 762, nyingi kuliko wote wa Ligi Kuu, na ana wingu la dawa za kuongeza nguvu. Wapiga kura wa Cooperstown walimkataa hadi nafasi yake ya mwisho kwenye kura yao, mwaka 2022. Mimi namwacha kwenye kumi bora, na simtetei zaidi ya hapo.

Anayesalia baada ya maswali yote mawili ni Willie Mays. Alianza na Birmingham Black Barons mwaka 1948 akiwa bado kijana wa shule, akaingia New York Giants mwaka 1951, akacheza dhidi ya weusi na weupe na Walatini, wote walioweza kushika gongo nchini. Jeshi lilimchukua sehemu kubwa ya mwaka 1952 na mwaka 1953 wote. Alirudi akawa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1954, na tena mwaka 1965. Homrani 660, vituo 339 alivyoiba kwa mbio zake, na glavu ya dhahabu ya ulinzi mara 12. Gibson alipiga, Ruth alipiga na kurusha. Mays alifanya kila kitu ambacho mtu asiye mrushaji anaweza kukifanya, na alikifanya mlango ukiwa wazi. Hata hivyo Buck O'Neil, aliyecheza Negro Leagues na kuishi miaka mingi akizisimulia, alikuwa akisema Mays ni bora kuliko wote wa Ligi Kuu, lakini bora kuliko wote aliowahi kuwaona ni Oscar Charleston. Ushuhuda wa mtu aliyewaona wote wawili siku hizi nauweka mezani pamoja na namba. Haujanishinda, ila umemsogeza Charleston juu sana.

Nilirudi kwa vijana wale, si wote, maana wengine wameshahama. Yule binti alikuwepo. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba swali lake lilikuwa sahihi na jibu langu lilikuwa baya, na kwamba nililitoa kwa kiburi. Akaniuliza tu sasa ni wa ngapi. Watoto hawana subira na toba za watu wazima.

Nilimjibu, na ninyi wazazi mliochukua nakala za chati ya kwanza nawaomba mziondoe ukutani, mwandike hivi: wa kwanza Willie Mays, wa pili Babe Ruth, wa tatu Oscar Charleston, wa nne Josh Gibson, wa tano Hank Aaron. Sita hadi kumi bado tunabishana, na Satchel Paige yumo. Anayepinga aje Jumamosi, na aje na majina ya wale waliocheza dhidi ya mchezaji wake.